Kundi la Mchana

Binti yangu Hana alipata D ya Kemia, na Miriam, mwenzake wa darasani, akapata B. Hapo ndipo nilipoanza kunusa.

Ingekuwa D ya Jiografia nisingesema neno. Jiografia Hana haipendi na hafichi hilo. Lakini Kemia alikuwa anaisoma mpaka chakula kinapoa, na walimu wenyewe waliniambia muhula wa kwanza kwamba mtoto huyu anaiweza. Mtu haamki asubuhi moja akawa mjinga.

Ulikuwa mtihani wa kidato cha tatu, mwisho wa mwaka 1996. Shule za kulipia zilikuwa zimeanza kuota kila upande wa mji, na zile za kwetu zilijiunga zikawa zinatunga mtihani mmoja. Shule ya Hana ilikuwa upande wa Nzuguni, palipokuwa bado pori na vumbi. Maabara yake ilikuwa na nafasi za wasichana ishirini na wanne tu. Wenye alama nzuri za Kemia wangeingia kidato cha nne mkondo wa sayansi. Waliobaki wangepelekwa biashara wakasome utunzaji wa hesabu. Hana alitaka udaktari. Hakuna daktari aliyepitia utunzaji wa hesabu.

Mimi nina stashahada ya ugavi. Nilikaa stoo ya serikali miaka mingi, mpaka walipotupunguza kazini, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Majengo. Stoo inafundisha jambo moja: kitu hakipotei, kinachukuliwa. Kama alama ya Hana haipo mahali pake, kuna aliyeichukua.

Sikuwa na haja ya kumtafuta mbali. Mwalimu wa Kemia alikuwa Cornel, kijana mwembamba mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Jioni alikuwa anafundisha twisheni nyumbani kwake. Miriam alikuwa anakwenda. Hana hakwenda, kwa sababu nilikataa. Nilishamlipa mwalimu mchana, sikuona sababu ya kumlipa tena jioni kwa somo lilelile. Isitoshe, Cornel alikuwa mteja wangu. Alikuwa anajenga, na tangu mwezi wa nane saruji alikuwa anainunua kama mtu anayekimbizwa na mvua. Nilijiuliza mwalimu wa sekondari anamwaga msingi kwa mshahara gani. Sasa nilidhani nimepata jibu.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule, Sista Paulina. Nilimkuta anamwagilia maua kwa maji aliyonawia mikono.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Mama Hana. Kaa."

"Sikai sana. Nataka karatasi ya mwanangu isahihishwe upya."

"Wazazi wakitaka hivyo huwa wananiletea kuku," alisema. "Wewe umekuja mikono mitupu. Nakushukuru."

"Utaratibu upo au haupo?"

Ulikuwepo. Ulikuwa umeandikwa na umoja wa hizo shule zao: mzazi anaandika barua, kamati ya rufaa ya watu watatu kutoka nje ya shule inakuja, inafungua karatasi, inamsikiliza mwalimu na mzazi. Yote kabla shule hazijafunguliwa Januari. Sista aliniambia hakuna mzazi aliyewahi kuutumia.

"Na ujue kitu kimoja," alisema. "Wakipitia upya, alama inaweza kushuka pia."

"Chini ya D kuna nini?"

"F."

"Basi hatutaanguka mbali."

Barua niliiandika palepale mezani kwake. Sikutaka ipite mikononi mwa mtu njiani.

Habari ilienea kabla wino haujakauka. Siku chache baadaye Mama Miriam alikuja dukani. Mumewe, Bwana Brighton, alikuwa amehamia Dodoma na ofisi yake kutoka Dar es Salaam, na mwanamke huyo mpaka leo anatutazama kama watu aliowakuta njiani. Aliulizia rangi ya kupaka dirisha.

"Nasikia unaishitaki shule," alisema huku anachagua.

"Sishitaki. Nauliza."

"Watoto hawalingani, Mama Hana. Mmoja ni wa sayansi, mwingine ni wa duka. Mungu ndiye anagawa."

"Mungu kagawa. Ninachouliza ni nani amegawa upya."

Alichukua kopo lake akaenda. Hakupunguziwa bei hata senti.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa mama huyo. Kilikuwa Hana. Mtoto aliyedhulumiwa hulia, au hununa, au husema "wameniibia." Wangu alikuwa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Mama, achana nayo," aliniambia. "Nitasoma biashara. Wewe mwenyewe umesoma mambo ya stoo na tunakula."

"Mimi nilisoma nilichopata. Wewe utasoma unachotaka. Kuna kitu unanificha?"

"Hapana."

Alijibu haraka mno. Baba yake, anayefanya kazi Kolo kwenye ile michoro ya mapangoni, alikuja mwisho wa mwezi nikamweleza. Akasema huenda mtoto alikosea tu, watu hukosea. Nikamwambia arudi kwenye michoro yake, hiyo haina mwalimu wa twisheni.

Kamati ilikaa maabara, kwa sababu ofisi ya Sista ilikuwa ndogo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lameck, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wakubwa wa mji huu na hakuogopa hata mmoja wao. Pembeni yake alikaa Bi Mwanahawa, mwalimu wa Kemia wa shule nyingine, na mchungaji mmoja ambaye alitikisa kichwa mwanzo hadi mwisho bila kusema kitu. Cornel alisimama karibu na dirisha, Sista Paulina karibu na mlango. Hana nilimwacha nje kwenye benchi.

Bi Mwanahawa alifungua bahasha, akasoma, akanieleza vizuri, bila madaha. Karatasi ya maswali ya kuandika ilikuwa safi kabisa. Kilichomwangusha Hana kilikuwa mtihani wa vitendo, ule wa maabara. Msichana anapewa maji ya magadi kwenye chupa, anadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, halafu anasoma ametumia asidi kiasi gani. Mwalimu naye hufanya hivyo kabla yao asubuhi, na namba yake ndiyo kipimo.

"Mwalimu alipata ishirini," alisema Bi Mwanahawa. "Mwanao ameandika ishirini na tatu. Ukikosea namba hiyo, hesabu zote zinazofuata zinaanguka nayo. Pole, mama. Msahihishaji hakumwonea."

"Amekosea yeye peke yake?"

"Katika shule nzima, yeye peke yake."

Nilimtazama Cornel. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu asiye na cha kuficha hutazama watu.

Niliuliza mtihani ulivyofanyika. Mzee Lameck akaeleza. Vyombo havikutosha wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nusu ya darasa iliingia asubuhi na nusu mchana. Wakati wa asubuhi wakiwa ndani, wa mchana walifungiwa darasani na msimamizi, wanaita karantini, ili wasikutane na waliokwisha kufanya. Hana alikuwa kundi la mchana. Miriam pia.

"Naomba nisomewe namba walizopata wengine."

"Karatasi za watoto wa watu si zako, mama," alisema Mzee Lameck.

"Sitaki majina, mzee. Namba tu. Namba haina mama."

Aliguna, nadhani alitaka kucheka, akamwashiria Bi Mwanahawa. Za asubuhi zilikuwa zinayumba: kumi na tisa na kitu, ishirini na nusu, ishirini na kidogo. Halafu akasoma za mchana. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Alisoma mpaka mwenyewe akapunguza mwendo.

"Kule stoo," nilisema, "watu kumi wakihesabu misumari na wote wakaleta idadi moja bila kupishana hata mmoja, ujue aliyehesabu ni mmoja." Nikamgeukia Cornel. "Mwalimu, hawa wa mchana, wa twisheni yako ni wangapi?"

"Watano."

"Watano tu?"

"Watano, mama. Miriam ni mmoja wao. Wengine hawajawahi kufika kwangu."

Nilitaka kumwambia anadanganya, lakini Sista alitikisa kichwa kwamba ni kweli. Sikulipenda jibu hilo. Nilikuwa nimelibeba kosa la Cornel kutoka Majengo mpaka pale, na sasa halikukaa vizuri kichwani. Kama aliwauzia watoto wake namba, kwa nini na wale wasiomlipa wawe nayo?

"Lakini sote tulitumia vitu vilevile," alisema Cornel. "Asidi moja, magadi yaleyale, maji yaleyale. Ishirini na tatu haiwezekani."

Neno "vilevile" ndilo lililonishika. Nimeulizia mali kwa miaka mingi, na mtu akiniambia "vilevile" huwa nauliza vilikuwa kiasi gani.

"Maji gani?"

"Ya betri. Yanayouzwa gereji. Hayana chumvi. Maji ya hapa hayafai kwa kazi hii."

"Mlinunua kiasi gani?"

"Madumu mawili."

"Yalitosha makundi yote mawili?"

"Mimi nilikuwa nasimamia chumbani. Kanuni hainiruhusu kutoka. Magadi nilishayapima kwenye chupa tangu asubuhi. Bartolomayo alikuwa anajazia maji hadi kwenye alama."

"Nani Bartolomayo?"

Alikuwa mtunza maabara, mtu mzima kutoka kijiji cha jirani. Sista alimwita. Aliingia akatusalimia wote mmoja mmoja, na alipoulizwa hakuficha chochote, kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuficha.

"Madumu yaliisha na kundi la asubuhi. Chupa zote za mchana zilikuwa hazijatiwa maji. Nikachota kisimani. Nikayachemsha sawasawa, yakapoa, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Yalikuwa safi kuliko haya tunayokunywa sisi."

Hakuna aliyemkemea. Ni nani pale ndani angemkemea? Kila nyumba Dodoma inachemsha na kuchuja, na mtoto wa hapa anafundishwa kwamba maji yaliyochemshwa na kuchujwa yamemaliza ubaya wote. Na kila nyumba ina sufuria yenye gamba jeupe la chumvi ya maji ndani, ambalo tunalikwangua na kulisahau.

Sasa nilimtazama Cornel kwa makini. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema maji ni maji, kwamba tofauti ni ndogo, na mimi nisingekuwa na la kumjibu, maana mimi si mkemia. Kosa lilikuwa la maabara yake. Nilikuwa nangoja anyamaze.

Hakunyamaza. Alikwenda kabatini akatoa chupa mbili. Moja akaitia maji ya betri yaliyokuwa kwenye kichupa cha akiba, nyingine maji ya kisima aliyochemsha Bartolomayo kwa ajili ya chai ya kamati. Zote mbili akazidondoshea ile dawa ya rangi, zikawa njano. Kisha akaanza kudondosha asidi. Ile ya maji ya betri iligeuka nyekundu mara moja. Ile ya kisima alidondosha, akadondosha, na njano ikabaki palepale. Maji matupu, bila magadi hata chembe, yalikuwa yanakunywa asidi.

"Ishirini na tatu inawezekana," alisema Cornel. "Kundi la mchana wote walipaswa kupata karibu na hapo. Hana ndiye aliyesoma sawa."

Bi Mwanahawa aliweka karatasi chini. "Basi hizi ishirini zimetoka wapi?"

Sista aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia Cornel, Cornel akasema polepole, "Si kwangu, mama. Ningekuwa natoa majibu ningewapa hata wewe usitambue."

"Mwiteni mtoto," alisema Mzee Lameck.

Hana aliingia amekunja mikono mgongoni. Mzee alimwuliza kwa upole kama kundi lao lilisikia chochote kabla ya kuingia. Akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi, na nikajua ndicho alichokuwa anakiosha jikoni siku zote zile.

"Ishirini iliandikwa kwa mkaa mlangoni mwa choo," alisema. "Ndani. Tulipelekwa chooni wote kabla ya kuingia."

"Nani aliandika?"

"Sijui. Kundi la asubuhi."

"Na wewe uliiona?"

"Wote tuliiona."

Hapo nilisahau kwamba kuna kamati. "Sasa kama uliiona, kwa nini hukuiandika?"

Mchungaji aligeuza kichwa akanitazama. Anitazame. Mama yeyote angeuliza.

"Sikuipata, mama. Nilirudia mara tatu. Rangi ilikuwa haigeuki mpaka ishirini na tatu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kuwataja wote."

Ningekuja, ni kweli.

Mzee Lameck alivua miwani. Kwa kanuni, alisema, hakuna alama ya kumwongezea Hana, kwa kuwa mtihani wenyewe wa kundi la mchana haukuwa halali. Rufaa ikikubaliwa, kundi zima linarudia. Hana naye anarudia kama wengine.

Sista Paulina aliomba kuzungumza nami nje. Tulisimama nyuma ya maabara, penye kivuli chembamba.

"Mama Hana, tufikirie. Wazazi wa watoto wote hao watakuja hapa. Wengine wataondoa watoto. Shule changa hii. Ondoa rufaa yako leo, mimi nitaongeza kiti cha ishirini na tano maabara. Hana atakaa hapo Januari, na hakuna atakayeuliza."

Moyoni nilikipokea kiti hicho kabla hajamaliza kusema. Sidanganyi. Nilikuja pale kutafuta nafasi ya mwanangu, na nafasi ilikuwa mbele yangu, bila kurudia chochote, bila hatari ya mtoto kutetemeka mkono akaharibu.

"Na D yake?"

"Itabaki kwenye kumbukumbu. Lakini kiti atakuwa nacho."

"Kwa maandishi?"

"Mambo kama haya hayaandikwi."

"Sista, nyinyi watawa mnahamishwa. Ukihamishwa wewe?"

Alitazama upande wa kisima. Kitu kilichotolewa stoo bila hati, siku ya ukaguzi ni cha wizi, hata kama alikupa bosi mwenyewe. Akija mkuu mwingine, atamkuta msichana mwenye D amekaa mahali pa wenye B, na atauliza alipitia mlango gani.

Nilimwita Hana, nikamweleza mbele ya Sista, kwa sababu kiti kilikuwa chake.

"Nirudie tu," alisema.

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea."

Jibu hilo halikunifurahisha hata kidogo. Nilirudi ndani nikamwambia Mzee Lameck rufaa inaendelea.

Walirudia wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mzee Lameck alikuja mwenyewe, akataka kila msichana awe na meza yake, kwa hiyo wakagawanywa tena nusu kwa nusu. Milango ya choo ilipakwa chokaa. Maji yalikuja kwenye madumu yenye lakiri, na mzee aliyakalia kama kiti. Wasichana walipita mbele ya Hana bila kumsalimia. Mmoja alisema kwa sauti, "Shahidi huyo," na wenzake wakacheka. Miriam hakucheka, lakini hakusimama pia.

Mimi nilikaa getini. Mama Miriam naye alikuwepo, upande wa pili wa benchi, mkoba katikati yetu.

"Umeridhika?" aliniuliza.

"Bado."

"Watoto hawajalala wiki nzima kwa sababu yako."

"Wangu pia hajalala."

Hana alikuwa nusu ya kwanza. Alitoka na wenzake, msimamizi nyuma yao, wakapelekwa kando ya uzio wakae mpaka wa pili waingie. Nilisogea mpaka kwenye waya.

"Umepata ngapi?"

"Siwezi kusema, mama. Wengine hawajaingia."

"Mimi si msichana wa kidato cha tatu."

"Mama Miriam yuko hapo nyuma yako."

Niligeuka. Alikuwepo kweli, hatua chache, shingo ameinyoosha. Nilirudi kwenye benchi, na yeye akarudi. Tukakaa hapo mpaka jioni.

Walisahihisha siku hiyohiyo, Bi Mwanahawa na Mzee Lameck, mlango wazi. Cornel alikatazwa kugusa hata kalamu. Alikuwa amepewa barua ya onyo, na nilipopita karibu yake nilimwuliza kama sasa ataacha twisheni. Akasema hawezi, mshahara wa Novemba ulikuwa haujatoka. Lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake ambalo sikulitilia shaka.

Hana alipata B. Miriam alipata C, akabaki maabara naye, mtu wa ishirini na nne. Mama yake alishika mkoba akaondoka bila kuaga, na mimi nilimshika Hana bega nikamwambia twende nyumbani, nina duka.

Nafasi zilikuwa zilezile ishirini na nne. Hana alipoingia, mwingine alitoka. Alikuwa msichana mrefu wa kundi la mchana. Nilimwona amesimama karibu na maua ya Sista, anamsubiri mtu aje kumchukua. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza jina lake, na mpaka leo sijauliza.